Taa za nyanya: niliyojifunza nikipanga waya za nyumba mbili Lamu

Ntaanzia kwa nyanya yangu kwa sababu bila yeye nisingeelewa kitu. Ilikuwa wakati wa kusi, mvua ya usiku, intaneti imekatika tangu magharibi, mimi niko chumba cha juu nikaskia swichi ya ngazini inalia tak, tak, tak. Nikashuka na tochi ya simu nikamkuta amesimama kidato cha tatu cha ngazi, mkono mmoja ukutani mwengine kwenye swichi, anabonyeza anangoja, anabonyeza tena. Stima iko, feni ya chumbani mwake naiskia inazunguka, balbu ni nzima, mpya, ya bei, na haiwaki. Akaniuliza, "Mwanangu, taa imekufa?" Nkamwambia hapana nyanya, haijafa. "Basi mbona haiskii?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nikamshika mkono nikamshusha hadi chini na lile swali likabaki na mimi mpaka asubuhi.

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ni zile za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, ina daka (baraza ya mlangoni) mbele, kiwanda (ua wa ndani) katikati, msana (ukumbi mrefu), alafu ndani yenye zidaka (vishubaka vya ukutani). Kuta ni nusu mita na kuna pahali zapita hapo. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti za mkoko ndo zilizoamua upana, boriti haifiki mita tatu basi na chumba nacho hakifiki. Kazi yangu mimi ni kompyuta na simu, si fundi wa umeme, na niliyefanya nae kazi yote hii ni fundi mwenye leseni, kwa hivo niseme mapema: yote nitakayoeleza ya laivu na nyutro (waya unaoleta stima na unaoirudisha) alishika yeye, mimi nilikuwa napanga, nauliza na kushika tochi. Kama huna leseni usifungue swichi. Volti 240 hazimjui mtu.

Nilivoanza nilianza vile wengi wanaanza, nikanunua balbu. Balbu smati 14, unatoa ya zamani unapachika mpya, unaiunganisha na waifai, unaweka programu kwenye simu, mambo kwisha. Wiki mbili za kwanza nilifurahi sana, nazima taa ya daka nikiwa kitandani, naweka ya msana ipungue mwanga wageni wakija, watoto wa dada yangu wanaomba rangi ya buluu kila siku. Alafu stima ikaanza kukatika vile hukatika. Usiku mmoja ikapotea saa nne, ikarudi saa tisa, na iliporudi balbu zote 14 zikawaka kwa pamoja, mwanga wote, nyumba nzima. Nyanya akaamka akadhani alfajiri imempita, akaenda kutawadha mbio mbio na roho inamdunda. Nilipomkuta anatetemeka mikono wallahi nilijiskia vibaya mno.

Kumbe balbu hizi zimepangwa hivo na waliozitengeneza, ikikosa stima alafu ikapata, inawaka. Wamefanya hivo makusudi, ili mtu aliye na swichi ya ukutani pekee aweze kuizima na kuiwasha kama balbu ya kawaida. Mimi nikaingia kwenye programu nikabadilisha, nikaweka kila balbu ikumbuke hali yake ya mwisho, yaani kama ilikuwa imezimwa, stima ikirudi ibaki imezimwa. Nikaona nimetatua. Sasa fuatana na mimi hapa kwa sababu ndo penye ule usiku wa ngazini: dada yangu alizima taa ya ngazi kwa simu mchana. Balbu ikakumbuka "mimi nimezimwa". Usiku nyanya anazima na kuwasha swichi ya ukutani, balbu inapata stima, inaangalia kumbukumbu yake, inabaki kimya. Njia ya pekee ya kuiamsha ni simu, na simu inapitia intaneti, amri itoke Mkomani iende ng'ambo kwa seva ya waliotengeneza balbu ndo irudi tena Mkomani hadi kwenye ngazi iliyo mita nne kutoka kwangu. Intaneti haipo. Basi nyanya yuko gizani ndani ya nyumba aliyozaliwa, na mimi ndiye niliyemuweka gizani kwa kutatua shida nyengine.

Asubuhi nikamwita fundi. Akaskiliza yote, akaniambia maneno ambayo mpaka leo nikipanga taa ya mtu nayakumbuka: "Kaka, akili umeiweka kwenye balbu, na watu wa nyumba hii wanazungumza na ukuta."

Ndo ilivo. Mtu mzima wa miaka themanini, mgeni aliyefika jana, mtoto wa miaka mitano, wote wakiingia chumbani gizani mkono unakwenda ukutani kando ya mlango. Hakuna anayetoa simu. Kwa hivo akili inatakiwa ikae pale mkono unapofika, au nyuma yake, na balbu iwe balbu tu ya LED ya kawaida ambayo ikiungua mtu anakwenda duka lolote la Langoni anarudi na nyengine.

Nkamwambia sawa, tutoe balbu tuweke swichi smati. Akafungua swichi ya kwanza, ya sebuleni, akaniita nione. Ndani kuna waya mbili, zote nyekundu. Akanionyesha: hii inaleta laivu kutoka juu, hii inarudisha laivu juu kwa taa ukibonyeza. Nyutro haiko. Waya mweusi haujashuka hapa, umepita huko huko juu kwenye taa. Swichi ya kawaida haina haja na nyutro kwa sababu kazi yake ni kukata na kuunga njia moja tu. Lakini swichi smati ina redio ndogo ndani, na redio hiyo inataka kula stima saa zote, hata taa ikiwa imezimwa, na stima haizunguki bila njia ya kurudi, na njia hiyo ndo nyutro.

Ziko swichi zinazouzwa kuwa hazihitaji nyutro. Tulijaribu moja. Inachofanya ni kupitisha stima kidogo sana ndani ya balbu yenyewe ili redio iishi, na kwa zile balbu za zamani za waya wa moto hiyo haikuwa tabu, lakini LED ya wati 5 ile kidogo inaitosha kuanza kumeta. Taa ya sebuleni ikawa inapepesa usiku kucha ikiwa "imezimwa". Kuna kidude cha kufunga sambamba na taa ili kipunguze hiyo, kinafanya kazi, lakini fundi alisema mapema hataki kuacha vidude juu ya boriti ambavyo mtu wa kesho hatajua ni vya nini, na mimi nilikubaliana nae.

Pale ndo hesabu ya kuchimba ukuta ikaja. Na hapa nataka mtu wa Lamu anisome vizuri. Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta hizi si za tofali la simiti kwamba unapitisha grainda alafu unaziba. Kabla ya kugusa tulikwenda kuwaona wahifadhi wa Makumbusho ya Kitaifa tukaeleza tunataka kufanya nini. Na fundi wa chokaa, mzee ambae amepiga lipu nusu ya nyumba za mtaa wetu, alikuja akapapasa ukuta kwa kiganja kama daktari akasema, "Ukichimba hapa, rudisha chokaa. Ukiweka simiti, ukuta hautapumua, maji yatakaa ndani, chumvi itasukuma lipu nje." Na ni kweli, nenda nyumba yoyote iliyozibwa kwa simiti utaona lipu inavimba na kumwagika unga mweupe. Jiwe la matumbawe limetoka baharini na unyevu wa hapa ni wa mwaka mzima.

Basi tukakaa kikao, fundi wa umeme, mimi na karatasi, tukauliza swali ambalo lingetangulia siku ya kwanza: nyutro iko wapi tayari? Ikawa kwenye taa nyingi laivu na nyutro zote zinafika kwenye boksi la taa juu, zile mbili nyekundu ndo zinashuka kwa swichi na kurudi. Kwa hivo akili inaweza kukaa kule juu. Kuna rilei ndogo (swichi inayowashwa kwa amri, si kwa kidole), ukubwa wa kibiriti au chini yake, inaingia ndani ya boksi la taa, inapata laivu na nyutro yake pale, inawasha taa, na zile waya mbili za swichi zinageuka kuwa za kuipa habari tu: ukibonyeza ukutani rilei inajua. Swichi ya ukutani inabaki ile ile ya zamani ambayo nyanya anaijua. Kati ya taa 14, tisa tulizimaliza hivo bila kugusa lipu. Tano zilizobaki zilikuwa ni lazima kushusha nyutro, na hizo tulichimba mifereji myembamba kwa tindo na nyundo, taratibu, siku tatu, tukarudisha chokaa na tukangoja ikauke kama inavotaka yenyewe.

Jambo la ndani kidogo lakini ni la maana: rilei lazima iwe ile ambayo swichi yake inafanya kazi hata intaneti ikifa, hata waifai ikifa, hata ubongo wa nyumba (kompyuta inayoendesha taa) ukifa. Yaani mkono ukibonyeza, taa iwake hapo hapo, habari zengine baadae. Nilizijaribu mezani kabla hazijapanda juu, nazima ruta, nabonyeza. Ikiwaka inapita. Isipowaka inarudi dukani. Na ngazi ina swichi mbili, moja chini moja juu, pale unaipanga rilei isiangalie swichi iko juu au chini bali iangalie imegeuzwa tu, ukiigeuza upande wowote taa inabadilika. Usipoipanga hivo mtu wa juu na mtu wa chini watakosana kila usiku.

Alafu kuta. Mimi nilidhani ruta moja nzuri sebuleni inatosha nyumba. Ukuta wa nusu mita wa matumbawe wenye unyevu unaimeza waifai kama mchanga unavomeza maji. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yanapita hapo kwa tabu na ya gigahezi 5 usiyataje. Balbu tatu za nyuma zilikuwa zinapotea kila siku na nilikuwa nalaumu balbu. Nilichokuja kufanya ni kuvuta kebo ya data ya Cat6 kutoka chini hadi juu kupitia kona ya kiwanda, ndani ya bomba lililopakwa chokaa, na kuweka antena ya waifai kila ghorofa. Kebo hiyo inakwenda hadi mita 100, nyumba yetu haifiki hata robo. Rilei zenyewe nyingi nikachukua za Zigbee (redio ya vifaa vidogo vya nyumba, si waifai), kwa sababu Zigbee kila kifaa kinachokula stima ya ukutani kinapokezana habari na mwenzake, kile cha daka kinampa cha kiwanda, cha kiwanda kinampa cha msana, habari inapita milangoni na kwenye uwazi badala ya kupasua ukuta. Vya betri havipokezani, hivo usitegemee kihisi cha mlango kikusaidie. Na Zigbee na waifai zote zinakaa kwenye gigahezi 2.4, zikigongana zote mbili zinaumia, mimi niliweka waifai chaneli 1 na Zigbee nikaipeleka karibu na mwisho, chaneli 25, zikapata nafasi.

Na ubongo wenyewe niliuhamisha kutoka ng'ambo ukaja nyumbani. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, ndani yake Home Assistant, ni programu ya bure ya kuendesha vifaa vya nyumba, inakaa kwenye kabati la vitabu karibu na ruta. Vyote viwili pamoja vinakula kama wati 12. Nikaviwekea betri ya volti 12 na ampia-saa 20, ile ya lithiamu, hesabu yake ni kama wati-saa 250, yaani stima ikipotea magharibi ubongo unaamka nao hadi asubuhi na zaidi. Kwanza nilikuwa na betri ya asidi ya ampia-saa 7 na ilikuwa haifiki usiku wa manane.

Sasa nyumba ya pili. Ami yangu alikuwa anajenga Shela, kijiji kingine cha kisiwa hiki hiki, amefika usawa wa lenta (juu ya milango na madirisha), akaskia habari za taa zetu akaniita. Hapa ndo nilipoona raha ya kupanga kabla lipu haijapigwa, kwa sababu mambo yote yaliyotutoa jasho Mkomani, Shela yalikuwa ni kalamu na karatasi.

Sikumuuliza ami anataka taa gani. Nilimwambia, "Ami, hebu tutembee humu ndani jua likiingia." Tukatembea, nyumba haina paa bado, mchanga bado chini, mimi na kipande cha chaki mkononi. Unaingia mlangoni umebeba mzigo wa sokoni, mkono upi uko huru? Weka alama hapo. Mlango unafunguka upande gani, isije swichi ikajificha nyuma yake. Unaamka usiku kwenda chooni, unapita wapi? Mkeo analala upande gani, anataka swichi yake mwenyewe? Mgeni wa sabule (chumba cha wageni) akitaka kuzima taa ya nje bila kupita kwenu ndani? Ami mwenyewe alisimama chumbani kwake, akafumba macho, akanyoosha mkono, akasema, "Hapa." Nikapiga chaki hapo hapo. Ilikuwa chini zaidi ya ramani ya mchoraji kwa shubiri nzima, tukafuata mkono.

Alafu nikampa fundi (yule yule, tulimvusha na vifaa vyake) orodha ambayo naiandika hapa vile vile. Nyutro katika kila boksi la swichi, kila boksi, hata la stoo, hata kama leo haiwekwi kitu cha kisasa, tena iwe nyutro ya saketi ile ile (njia ya stima yenye breka yake), si ya kuazima kwa saketi jirani, kwa sababu ile breka ya kulinda mtu, ya miliampia 30, inapima kinachotoka na kinachorudi, nyutro ukizichanganya inaruka bila sababu unayoiona na mtu mvivu atakuja aitoe, na hiyo breka ndo inayookoa roho siku maji yameingia kwenye soketi. Maboksi ya inchi tatu kwa tatu yawe ya kina cha milimita 47, si yale mafupi, rilei na waya zake zinahitaji pumzi. Na yawe ya plastiki. Ya chuma hapa kwetu chumvi inayala, baada ya misimu miwili kutu inatoka kwenye lipu kama chai iliyomwagika, na pia chuma kinaziba redio ya rilei. Waya za taa milimita za mraba 1.5, za soketi 2.5, kama kawaida. Taa zigawanywe saketi mbili, ya kulia na ya kushoto ya nyumba, breka moja ikiruka nyumba isizame yote gizani.

Kwenye mabomba nilibishana. Fundi alitaka ya milimita 20 kote, ni rahisi kupinda na bei yake ni nafuu. Nikaomba 25 kwenye njia kuu, na mabomba matatu matupu zaidi: moja kutoka kwenye boksi la breka hadi paani kwa ajili ya sola, moja hadi mlango wa mbele, moja kutoka chini hadi juu kwa kebo za data. Ndani ya kila bomba tupu, kamba ya nailoni imefungwa ncha zote mbili. Ami akauliza mbona analipia bomba lisilo na kitu. Nkamwambia bomba tupu leo ni mamia ya shilingi, kesho likiwa halipo ni nyundo, tindo, chokaa na vumbi kwenye nguo za wanawake. Na usisahau kila kitu hapa kinatoka Mombasa kwa lori hadi Mokowe, gati ya bara, kinavuka kwa boti, kinashuka gatini kinapanda punda. Kifaa kilichosahaulika kinaweza kukusimamishia kazi siku nne. Akakubali.

Na kabla lipu haijapigwa nilipiga picha kila ukuta, wa juu mpaka chini, na futi ya kupimia imesimamishwa kando ili picha ionyeshe vipimo. Picha zaidi ya sitini. Seremala alipokuja kutundika kabati la jikoni, aliweka alama zake za kutoboa, nikafungua picha, alama moja ilikuwa juu ya bomba lenye laivu la jiko. Akasogea kidogo kushoto. Kama kuna kitu kimoja kisicho na gharama katika haya yote basi ni hicho, na simu unayo mkononi.

Hesabu ya betri ya taa pia inapendeza ikifanywa mapema. Nyumba ya ami ina taa 22, wastani wati 7, zote zikiwaka ni wati 154 tu. Lakini hakuna usiku zote zinawaka. Nusu yake ni kama wati 77, na betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampia-saa 100 ina kama wati-saa 1280, unaona mwenyewe usiku mzima unapita na inabaki, hata ukitoa inachopoteza invata (kifaa kinachogeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani). Sharti moja: saketi za taa ziwe zimetengwa kwenye boksi la breka tangu mwanzo. Zikichanganyika na soketi, mtu atachomeka pasi wakati stima haipo na betri itakwisha kabla ya isha.

Mwanga wenyewe sijausema. Mkomani nilikuwa nimeweka balbu nyeupe kali, zile za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), na ukuta wa chokaa ukawa kama zahanati, zidaka zote zimepoteza kivuli chake. Tulipohamia 2700, na taa moja tukaiweka chini ipande juu taratibu kwenye zidaka, mama alikaa pale sebuleni baada ya isha akatazama tu. Akasema amekumbuka kandili za utotoni. Zile nakshi za plasta zilichongwa na watu walioangaza kwa mafuta, zinataka mwanga wa upande, wa joto, si wa kutoka juu kichwani. Ukitaka kupunguza mwanga, hakikisha balbu imeandikwa inapunguzika, na feni usiiweke kamwe kwenye dima (kipunguza mwanga) ya taa.

Vihisi vya mwendo navitumia pahali pawili tu, choo na ngazi. Vinahisi tofauti ya joto la mwili na joto la nyuma yake, sasa mchana wa kaskazi ukuta wenyewe umekaribia joto la mtu na kihisi kinapumbaa. Usiku kinafanya vizuri, lakini Lamu ina paka, na paka wa kiwandani anawasha taa kama mtu. Tukavipandisha na kuvigeuza vitazame kuanzia kiunoni kwenda juu. Kwa daka nikaachana navyo, taa ya daka inafuata machweo. Hapa karibu na ikweta machweo yanasogea kama nusu saa hivi mwaka mzima, basi haikusumbui.

Kwenye saa angalieni sana. Binamu yangu alipanga taa ya nje iwake saa moja jioni, akaandika 1:00, ikawa inawaka saa saba usiku, na ami akaona wiki nzima nje giza watu wakirudi msikitini. Programu zinataka 19:00. Sasa nimewaandikia karatasi yenye saa zetu upande mmoja na saa za programu upande wa pili, imebandikwa ndani ya mlango wa boksi la breka, pamoja na majina ya saketi zote kwa Kiswahili, "msana", "jiko", "sabule", ili fundi yeyote atakaekuja miaka kumi baadae asome ajue.

Nyanya sa hii ana swichi moja kubwa nyeupe kando ya kitanda, urefu wa mkono wake akiwa amelala. Akiibonyeza, taa ya chumba inapanda polepole, ya ukumbi na ya ngazi zinawaka asilimia kumi tu, hadi chooni. Baada ya nusu saa zinazima zenyewe. Anaiita swichi ya udhu. Ramadhani iliyopita aliamka daku siku zote thelathini kabla ya sisi, nasikia tak moja, alafu ndara zake zinashuka ngazi.

Shela bado kuna bomba la paani. Sola haijaja, paneli ziko Mombasa, kamba ya nailoni imo ndani imefungwa kwenye msumari juu na chini. Jumamosi iliyopita nilipanda nikaivuta kidogo kuona kama haijakwama kwenye kona. Inatembea.